Nusu ya Anemoni

Chediel alimkata anemoni wangu kwa wembe mbele ya wazee, na wazee wakacheka. Naanza na hilo ili mbele huko usije ukamwonea huruma.

Ilikuwa siku ya kugawana mali. Chediel, mume wangu, alikuwa amepata mwanamke mwingine mjini, Catherine, na ameshampangia nyumba. Baba yake mdogo, mzee Mughwai, akaitisha kikao saluni kwangu hapa Mandewa, kwa kuwa vitu vingi vilikuwa huku. Kila kitu nusu kwa nusu, mzee akaamua, na mtu asipige kelele. Chediel akachukua kitanda, mimi friji. Mwishowe tukafika kwenye tanki langu la kioo.

Ndani ya tanki kulikuwa na maji ya bahari, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, pamoja na anemoni wao. Anemoni ni mnyama wa baharini, ila ukimwona utasema ni ua limeota juu ya jiwe, na mikono yake minene inacheza na maji. Mikono hiyo ina sumu, lakini wale wawili walikuwa na ute mwilini wa kuwakinga, hawakudhurika nayo. Walikuwa wanalala humo kama watoto kwa bibi yao. Nilimlea yule anemoni toka akiwa mdogo kama kifuniko cha chupa, maji yake nikiyaagiza Dar, yanakuja kwa madumu kwenye basi la Gasto. Watoto Mungu hakutujalia mimi na Chediel. Nadhani umenielewa.

"Samaki nachukua mimi," Chediel akasema, "na hilo ua nusu."

"Baba," nikamgeukia mzee Mughwai, "mwambie mwanao huyu ni mnyama, hagawanywi."

Mzee akajikuna kidevu. "Mbuzi tunamgawa, mama, sembuse hicho?"

Ndipo wakacheka. Chediel akachukua wembe mezani kwangu, akazamisha mkono, akamkata katikati, kupitia mdomoni, kama anayegawa chapati. Nusu akaitia kwenye ndoo pamoja na samaki, akajaza na madumu ya maji, akaniambia, "Haya, usije ukasema nimekudhulumu."

Sikulia. Nilisema moyoni: utalia wewe.

Nusu iliyobaki ilijikunja ikawa kitu kama kamasi. Kila aliyeingia kusuka aliniambia nitupe. Nitupe? Thubutu! Nilitaka apone, anenepe, ili Chediel siku moja apite hapa, amwone, ashindwe hata kumeza chakula. Hilo tu ndilo lililokuwa linaniamsha asubuhi. Nikafunika mdomo wa pampu kwa soksi laini asije akavutwa humo. Nikapunguza taa. Nikawa nanyonya uchafu kwa mpira na kuongeza maji safi kidogo kidogo, na chakula nikamnyima, maana aliyepasuliwa tumbo humpi ugali. Umeme ukikatika nilikoroga yale maji kwa mkono, nimemwacha mteja na kichwa kilichosukwa upande mmoja, anune akitaka. Na huku nakoroga namtukana Chediel kwa Kinyaturu, maana Kiswahili hakina matusi ya kumtosha.

Siku moja anemoni akashika jiwe. Kingo za kidonda zikajikunja ndani, zikakutana, zikafunga. Nikampa kipande cha kamba wa baharini, kidogo kama ukucha, akakiachia. Nikasubiri, nikampa tena. Safari hii akakikamata, akakivuta taratibu mpaka mdomoni. Jamani! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Basi Chediel akapiga simu. Asubuhi, niko kazini.

"Eliana, hii nusu yangu imelegea. Maji yamechafuka, na Gasto anasema basi lake limejaa, hana nafasi ya madumu."

Nafasi alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemwambia Gasto asimbebee.

"Sasa nimewaza nichote ziwani Singidani," akaendelea. "Si maji ya chumvi yale?"

Watu wote wa hapa huniuliza hivyo: ziwa la chumvi liko hapo mlangoni, maji ya Dar ya nini? Na wote mimi huwajibu kwamba chumvi ya ziwa letu ina magadi, kiumbe wa baharini ukimtia humo umemchoma akiwa hai. Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Nilijua pia kwamba ile nusu yake na hii yangu ni mwili mmoja, na nilijua wale samaki wako humo. Nikakumbuka wembe, nikakumbuka kicheko.

"Chumvi ni chumvi," nikamwambia. "Badilisha yote kwa mpigo, usifanye uchoyo."

"Asante, Eliana. Kweli wewe huna kinyongo."

Mkuki kwa nguruwe, nikawaza, nikaendelea kusuka. Siku nzima nilikuwa na furaha.

Jioni akaja na ndoo, macho mekundu. "Imeyeyuka. Na samaki nao. Nisamehe, sijui nimekosea wapi."

Ala! Yaani amefiwa halafu ananiomba mimi msamaha! Kisasi asichokijua anayelipizwa kina utamu gani? Nikamwambia polepole, kila neno limwingie. "Hujakosea. Umefanya nilivyokuambia, na mimi nilijua."

Akaweka ndoo chini, akakaa kwenye kizingiti, mwanaume mzima, akalia na wateja wanamwangalia. Haki ya Mungu, nilishiba. Alipochoka akasimamisha bodaboda, akaondoka.

Nikaibeba ile ndoo nikaimwage nyuma. Kulikuwa na maji kidogo yenye ute na harufu, na samaki mmoja amekakamaa kama kijiti. Wa pili akafungua mdomo.

Nikapiga ukelele. Nikamchota kwa viganja, nikakimbia ndani, nikamtia kwenye tanki. Akaelea ubavu, akatikisa mkia, akamwona anemoni. Akamwendea moja kwa moja, akajilaza mikononi mwake.

Mikono ikashtuka, ikamfunga. Magadi yalikuwa yamemla ngozi, na ule ute wa kumkinga na sumu haukuwepo tena. Nikazamisha mkono nimtoe. Anemoni alimshikilia kwa nguvu ambazo sijawahi kuziona kwake, na kuvuta ilikuwa ni kumchana upya pale pale kidonda kilipofungia.

Nikautoa mkono wangu. Anemoni alimmeza mzima, akaanzia kichwani, bila shida. Alikuwa amepona kabisa.