Kurasa Zilizobanwa Pini

Kopo la mdalasini lilikuwa tupu. Ibtisam alilitikisa, akalichungulia, akalitikisa tena, maana alilijaza mwenyewe Ijumaa iliyopita. Katika ile nyumba yao ya ghorofani mjini Tanta, Misri, waliishi wawili tu, yeye na bintiye Nurhan. Mumewe, Hamdi, alikuwa Kuwait akirekebisha mabomba ya watu, na kila kiangazi alirudi kuuliza kwa nini bomba la jikoni kwake linavuja. Ibtisam mwenyewe hakuwa mnywaji wa mdalasini. Aliyebaki alikuwa sebuleni, amejikunyata kwenye kochi na kitabu cha jiografia, na tangu adhuhuri hajageuza ukurasa.

Na mdalasini haunywewi hovyo. Mwanamke yeyote wa Tanta anajua kwamba ukichemshwa mpaka ukawa mzito hunywewa na mwenye siku zake tumbo likimsokota, na hunywewa pia na yule ambaye siku zake zimechelewa na anataka zije kwa lazima. Ibtisam alikwenda sebuleni na kopo mkononi.

"Nurhan, mwanangu. Tumbo linakuuma?"

"Haliniumi."

"Basi kopo zima limekwenda wapi? Tumefuga panya wenye mafua?"

Siku nyingine mtoto angecheka. Leo alijifunika uso kwa kitabu, mabega yakaanza kutikisika. "Mama, usimwambie Baba. Wallahi sikufanya kitu. Usimwambie Baba."

Yalitoka kwa vipande, katikati ya kwikwi. Sikukuu walikwenda kijijini kwa bibi. Binamu yake Seif alitoka kuoga, akaacha taulo msumarini. Nurhan akaingia kuoga baada yake, akajifuta kwa taulo lilelile. Tangu hapo hajaona siku zake. Rodina, anayekaa naye dawati moja, alimwambia kwamba mimba huingia hivyohivyo, na Rodina si mtu wa kubahatisha, kwa sababu dada yake ameolewa. Baba akirudi kiangazi atalikuta tumbo.

Ibtisam akacheka. Hakukusudia. Ni pumzi tu iliyokuwa imemkwama kifuani, ikatoka vibaya. Nurhan alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Taulo halimpi mtu mimba," Ibtisam akasema haraka. "Wewe umevunja ungo juzijuzi, na mwanzoni siku huyumba. Mwezi huu zinakuja, mwezi ujao hazionekani. Hata zangu zilikuwa hivyo."

"Kama si taulo, ni nini?"

"Ni ndoa."

"Shangazi ameolewa miaka yote hii na hana mtoto."

"Ni ndoa na... mambo ya ndoa."

"Mambo gani?"

Ibtisam alikuwa mtu wa kutwa nzima kujibizana na wateja wa ofisi ya maji, watu wanaokuja wamevimba kwa hasira na kuondoka wamenywea, na sasa mtoto wa miaka kumi na minne amemkausha mate. "Si yamo kwenye kitabu chako cha sayansi?" akasema hatimaye.

"Yamo. Yamebanwa."

Nurhan akaenda kukileta. Sura ya uzazi, kurasa zake zote, zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa pini za stepla, juu, chini na ubavuni. Hata kucha haikupenya.

"Nani kafanya hivi?"

"Abla Wafaa, mwalimu wa sayansi. Alipita dawati kwa dawati. Akasema sura hii mtaisoma nyumbani."

"Mtaisomaje nyumbani, nayo imebanwa?"

"Akasema atakayefungua atamjua." Nurhan alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Mama, kama ya taulo ni uongo, mbona wameficha?"

Ibtisam alimrudishia kitabu. Akasema kesho ataenda shuleni, akalisema kwa ukali, kama mtu anayekwenda vitani. Ukweli ni kwamba alifarijika. Kazi hii ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu ataifanya, na yeye atabaki na mapishi yake.

Kesho yake alimkuta Abla Wafaa kwenye chumba cha walimu, anakula mkate wa maharage.

"Mama Nurhan, karibu. Nurhan wetu mpole. Tatizo ni hesabu?"

"Tatizo ni stepla."

Abla Wafaa aliuweka mkate chini polepole. "Sura ile haiji kwenye mtihani."

"Binti yangu hafanyi mtihani tu, Abla. Anaishi pia."

"Mama Nurhan, nisikilize." Mwalimu alishusha sauti, ingawa chumba kilikuwa kitupu. "Mwaka juzi niliifundisha. Nilichora ubaoni, basi. Baba mmoja akaja hapa na ndugu zake, akaniuliza mbele ya walimu wote nimejifunzia wapi kuchora vile. Na mimi sijaolewa. Unaelewa alichokuwa anasema?"

Ibtisam alielewa, na hasira yake ikapungua nusu, jambo lililomuudhi zaidi. "Basi acheni kurasa wazi. Watoto wajisomee."

"Hizo pini si zangu. Wamezileta akina mama wa kundi lenu la wasapu. Mama Zeina alikuja na stepla yake mwenyewe na boksi zima. Akikubali zitolewe, mimi nazitoa leo."

Mwalimu Mkuu, Bi Karima, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaongeza kwa upole wa mtu anayefunga dirisha la ofisi kwamba mambo haya ni ya nyumbani na shule haipendi kuingilia malezi. Kwa hiyo shule inasema nyumbani, na nyumbani kunasema shule, na katikati ya wapiga mpira hawa yupo mtoto anakunywa mdalasini mpaka anatokwa jasho.

Jioni Hamdi alipiga simu. Ibtisam hakumtaja Seif wala taulo. Aliuliza tu ni nani katika familia hii atakayemweleza Nurhan mambo ya uzazi.

"Muulize mwalimu wake," Hamdi akasema.

"Mwalimu ameniambia nikaulize nyumbani. Nyumbani ni mimi na wewe."

"Mama Nurhan, mtandao mbaya leo. Nakusikia vipande vipande."

Mtandao huohuo ulikuwa safi dakika moja kabla, alipokuwa anaulizia kama bamia zimeanza kuingia sokoni.

Likabaki kundi la wasapu la akina mama wa darasa. Kwa kawaida lilikuwa la kazi za nyumbani na masweta yaliyopotea, lakini juma hilo Mama Zeina alikuwa amelijaza picha. Binti yake mkubwa, Farah, alikuwa anaolewa Alhamisi, na vyombo vyake vilihamishiwa kwa bwana harusi juu ya magari, kwa ngoma na honi: friji, magodoro, mashine ya kufulia, seti tatu za sufuria. Kila kitu cha ndani ya ndoa kilikuwa kimepigwa picha. Ibtisam mwenyewe alikuwa ameitumia friji alama ya moyo.

Akaandika kwa adabu: akina mama, assalamu alaikum, naomba tukubali ile sura ya sayansi ifundishwe, watoto wanadanganyana.

Kundi likalipuka. Mmoja aliandika kwamba tukifungua mlango huu hatutaweza kuufunga. Mwingine akaleta dua ndefu yenye maua pembeni. Mama wa Malak akauliza kama kuna aliyeona sweta la Malak. Mama Zeina alituma ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi vizuri: "Dada zangu, mimi sikuambiwa na mtu yeyote, na nimezaa wanne, na nyumba yangu imesimama. Tusiwavunje haya watoto wetu." Zikamiminika alama za makofi. Kisha mtu akaandika, "Kwani Nurhan amefanya nini?"

Ibtisam akaizima simu. Swali lile lilimtia ubaridi. Likitoka kwenye kundi, kesho liko sokoni, na keshokutwa liko Kuwait.

Jumatano alirudi mapema kutoka kazini, akachemsha kabichi, akachanganya wali na bizari na nyanya, akaketi kuviringisha majani. Mtoto alikuwa hajala vizuri tangu wiki iliyopita, na kabichi ya kuviringisha ndicho chakula ambacho hakuwahi kukikataa. Alipohitaji karatasi ya kutandika mezani, alifungua mkoba wa shule wa Nurhan kutafuta gazeti la kufunikia vitabu. Mkono wake ukagusa kifurushi kilichosokotwa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mizizi myeusi, vyenye harufu ya kukata pua.

"Nini hiki?"

Nurhan alisimama mlangoni, midomo imemkauka. "Kimetoka kwa muuza mitishamba. Dada yake Rodina ndiye aliyempa Rodina. Anasema mdalasini ni mchezo, hiki hakishindwi."

"Umekinywa?"

"Bado. Nilikuwa nasubiri ulale."

Ibtisam alikwenda chooni, akamwaga vyote, akavuta maji, akangoja tangi lijae, akavuta tena. Alitaka kumzaba mtu kibao na hakujua aanze na nani. Rodina? Dada yake Rodina? Mama Zeina na boksi lake? Angeanza na yeye mwenyewe, aliyezunguka mji mzima akitafuta mtu wa kumsemea maneno mawili, huku mtoto wake anangoja yeye alale.

"Lete kitabu."

Akachukua kisu cha jikoni, akachokoa pini moja moja mpaka kurasa zikaachana. Nurhan alikodoa macho kama vile kitabu kitapiga yowe. Ibtisam akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya ofisini. Palikuwa na mchoro wa mfuko wa uzazi uliofanana na kichwa cha kondoo, na mishale. Palikuwa na maelezo ya siku za mwezi, na kwamba miaka ya mwanzo huyumba.

"Unaona?" akasema. "Huyu si mimi. Hiki ni kitabu cha serikali."

Akaendelea. "Mbegu ya mwanamume hukutana na yai la mwanamke katika mrija, vikaungana, na hapo mimba huanza."

"Zinakutana vipi?" Nurhan akauliza. "Moja iko kwake, nyingine iko ndani kwangu."

Ibtisam akageuza ukurasa. Ukurasa uliofuata ulihusu mapacha.

Akarudi nyuma, akatafuta juu ya mchoro na chini yake. Hapakuwa na kitu. Stepla zote zile, baba na ndugu zake, dua yenye maua, vyote vilikuwa vinalinda kitabu ambacho chenyewe hakikusema neno. Akakifunga kwa kishindo.

"Kaa hapa. Shika jani, viringisha. Usinitazame."

Akasema. Alisema kwa maneno ya kawaida, macho kwenye kabichi, tangu mwanzo hadi mwisho: nini kinaingia wapi, na kwa ridhaa ya nani, na kwamba asiyeridhia hukataa na hakuna wa kumlazimisha, na kwamba bila hilo mimba haiji kwa mtu hata akijifuta kwa mataulo ya jeshi zima. Jani aliloliviringisha lilipasuka, akachukua jingine.

Nurhan aliviringisha jani lake mpaka mwisho. "Na wewe na Baba?"

"Viringisha kabichi."

"Kwa hiyo sina mimba."

"Huna. Taulo ni taulo."

Mtoto aliinamisha kichwa mezani karibu na bakuli la wali, akalia kwa sauti, safari hii bila kujificha. Baadaye alikula sahani mbili, na ya pili aliila amesimama, kutoka kwenye sufuria.

Ilikuwa ni kule kula kulikomtibua Ibtisam. Alimtazama anavyobugia, akawaza wiki nzima aliyojinyima chakula bure. Akachukua simu, akafungua kundi, akabonyeza kitufe cha sauti. Hakumtaja Nurhan. Alisoma ukurasa wote, na pale kitabu kilipofika kwenye "hukutana" akasimama, akasema, "Na hivi ndivyo zinavyokutana," akamalizia mwenyewe, kwa maneno yaleyale ya mezani. Akatuma. Alama za buluu zikajipanga moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeandika, hata mama wa Malak. Kisha ukaja ujumbe mfupi kwamba Mama Zeina amemtoa kwenye kundi.

"Na aende zake," Ibtisam akasema, akaenda kuosha sufuria.

Simu iliita kabla hajaisuuza. Alikuwa Mama Zeina. Nyuma yake zilisikika ngoma na vigelegele vya usiku wa hina, lakini kwa mbali, kama vinatoka nyuma ya mlango.

"Nimejifungia chooni," Mama Zeina akasema. "Umetufedhehesha sote, na sikurudishi kwenye kundi."

"Sawa. Hongereni kwa harusi."

"Ngoja. Farah ameisikia ile sauti yako. Ameniuliza kama inauma."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia asiguse kitu, hina haijakauka." Sauti ya mtu aliyeketi vizuri ilikuwa imetoweka. "Mimi sikuambiwa na mtu yeyote, Mama Nurhan. Usiku ule wa harusi yangu nilidhani nimeumizwa makusudi, nikaogopa kupiga kelele kwa sababu mama yangu alikuwa nje anasubiri."

Ibtisam alikuwa na majibu makali tayari, ameyalimbikiza tangu jana, na mazuri zaidi yalihusu boksi la pini. Akayameza. Akafuta mikono kwa aproni.

"Farah yuko wapi?"

"Yuko hapa nami. Mikono ameinyoosha juu, isigusane."

"Weka simu kwenye spika," Ibtisam akasema, akavuta kiti. "Na wewe usitoke. Kaa hapohapo usikie."