Mwaka Ambao Ketill Hakuwapo

Ketill wa shamba la Hrafnsholt hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na shamba kwa jina lake. Hakuwa na cheti cha shule, wala leseni ya gari, wala meno ya juu ila mawili yaliyobaki kwa ukaidi tu. Picha yake ilikuwa moja, ya siku ya kipaimara, nayo ilikuwa imeliwa na unyevu mpaka uso ukawa kama wa mtu yeyote. Na tangu vuli hakuwa na kaka.

Hayo yote alikuwa ameyazoea, au alikuwa anajifunza kuyazoea. Lakini majira haya ya baridi aligundua upungufu mwingine ambao hakuutazamia. Hakuwamo vitabuni.

Vitabu vyenyewe vilikuwa shajara za kaka yake, Bergsveinn. Tangu ujana wake hadi wiki aliyopelekwa hospitali asirudi, Bergsveinn alikaa kila jioni kwenye meza ya jikoni, upande wa dirisha, akaandika mistari mitatu au minne: kwanza hali ya hewa, kisha mifugo, kisha wageni. Tena alikuwa mkaguzi wa nyasi wa wilaya. Kila vuli alizunguka mashamba akipima kama kila mtu ana nyasi kavu za kuwavusha kondoo wake hadi majani mapya, akaandika taarifa, na nakala akaiweka kabatini.

Habari za vitabu hivyo zilifika Reykjavík, mji mkuu, kwenye Hifadhi ya Taifa ya maandiko ya mkono. Baada ya mazishi alikuja mama mmoja wa huko, aitwaye Steinvör. Alikunywa kahawa, akafungua kitabu kimoja, akakifunga kwa mikono miwili kama anayemlaza mtoto.

"Ketill, vitu hivi tungependa kuvitunza," alisema. "Hatufuti neno wala hatuongezi. Ila wewe utatuandikia barua ya ukurasa mmoja: kaka yako alikuwa nani, na aliishi na nani. Barua hiyo italala juu ya vitabu, ndani ya boksi. Atakayefungua miaka mia ijayo ataanza na wewe."

"Na nisipotaka kuvitoa?"

"Vitabaki vyako. Sisi hatumnyang'anyi mtu."

Alimwachia maboksi matupu, akaenda zake.

Bergsveinn alipokuwa hai Ketill hakuwahi kuvigusa vitabu hivyo, ingawa kabati halikuwa na kufuli. Sasa alivisoma kila siku baada ya kulisha kondoo, kidole kikifuata mstari. Alikuwa anajitafuta. Aliwakuta kondoo kwa majina yao, na mbwa wote waliopita pale, na hata paka. Alimkuta kasisi aliyekuja kunywa kahawa, na fundi wa redio, na mchuuzi wa samaki wakavu. Jina la Ketill hakulikuta.

Akafika kwenye ile dhoruba iliyong'oa paa la zizi. Wao wawili waliling'ang'ania kwa kamba usiku kucha, na kamba ikamchana Ketill kiganja, kovu lipo hadi leo. Bergsveinn aliandika: "Upepo mkali wa kaskazini. Paa la zizi limeng'oka. Limerudishwa."

"Limerudishwa!" Ketill alisema peke yake jikoni. "Labda lilijirudisha lenyewe."

Jirani yake Oddný, mwenye shamba la ng'ambo ya mto, alikuja siku moja na chapati tamu zake nyembamba. Alikuta mlango wa jiko la makaa uko wazi, vitabu vimepangwa karibu nao sakafuni, na mezani kuna barua.

"Wewe mzee, unataka kufanya nini?"

"Bado sijaamua. Ama viende Reykjavík, ama viende mle," akaonyesha moto. "Soma barua kwanza."

Oddný akasoma kwa sauti: "'Bergsveinn wa Hrafnsholt aliishi peke yake.'" Akaiweka chini. "Umeingiwa na nini? Ng'ombe alikamuliwa na nani, na mapepo?"

"Waulize vitabu. Wewe mwenyewe umo. 'Oddný amekuja, amekula, ameondoka.' Mimi sijaja, sijala, sijaondoka."

"Mimi nilikuwa mgeni, bwana wee! Mama yangu naye aliandika shajara. Siku niliyozaliwa ameandika kwamba ndama amevunjika mguu. Mimi nilitajwa siku ya ubatizo, kwa sababu wageni walikuja."

"Mama yako alikubeba mgongoni. Bergsveinn hakunibeba."

Oddný hakucheka. Alianza kuviondoa vitabu karibu na moto na kuvitia kwenye maboksi kwa mfuatano, bila kuomba ruhusa. Mwishoni akauliza, "Na hiki kilichozuia dirisha lisigonge?"

"Hicho ni cha mwaka nilioenda kusini. Sikuwapo nyumbani. Nitajitafuta vipi mahali ambapo sikuwapo?"

"Kitie na wenzake. Ukivichoma, choma vyote. Ukivitoa, toa vyote. Kesho nashuka mjini, nitapita hapa unipe jibu."

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa ugomvi. Baba yao alifariki, na shamba likaandikwa jina la Bergsveinn peke yake. Ketill akasema maneno, Bergsveinn hakujibu hata moja, na kimya kile kikamuuma Ketill kuliko matusi. Mlangoni alisema, "Mbwa akipotea utahuzunika. Mimi nikipotea hutajua." Akaenda kutumbua samaki kwenye bandari ya kusini. Alirudi majira ya kondoo kuzaa, hana kitu. Bergsveinn alimtazama mlangoni, akasema, "Kuna kahawa." Basi. Ketill aliyapokea maneno hayo kama dharau, akayabeba tangu siku ile. Tangu hapo waliongea juu ya kondoo na nyasi, na hawakugusa jingine mpaka mauti.

Oddný alipoondoka, Ketill alikitoa kile kitabu dirishani. Alikifungua ili ahakikishe mwaka tu.

"Upepo wa kaskazini, baridi kali. Kondoo wamekula vizuri. Ketill hayupo."

Akafunua ukurasa. "Theluji nyingi, barabara imefungwa. Mkia wa fahali umeganda. Ketill hayupo."

Alikaa chini. Jina lake lilikuwa kila siku, mwishoni, mahali pa wageni. Siku ya Krismasi: "Kumetulia. Nyama ya moshi imechemshwa. Ketill hayupo." Siku Bergsveinn alipokuwa na homa, mwandiko umepinda na hali ya hewa imesahauliwa, kumebaki maneno mawili tu: "Ketill hayupo."

Kisha ikafika ile siku ya Mei aliyorudi nyumbani. "Upepo wa kusini, theluji inayeyuka. Kondoo jike mweusi amezaa pacha." Basi. Na kuanzia siku hiyo hakutajwa tena.

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Ketill, aliyekosa hata mtoto, mjukuu huyo alimpata. Alilia kama wazee wanavyolia, bila sauti, pua ikichuruzika, kidole bado kiko kwenye mstari. Laiti angeambiwa maneno mawili hayo mara moja, mezani. Na yeye je? Alikaa upande wa pili wa meza ile ile miaka yote, akiitazama kalamu ikitembea, na hakuwahi kuuliza, "Unaandika nini, kaka?" Sasa wa kumuuliza yuko makaburini, chini ya theluji.

Alifunga mlango wa jiko. Ile barua ya kwanza aliikunja akaitia mfukoni, kwa aibu.

Asubuhi Oddný alipiga honi uani. Walibeba maboksi pamoja hadi kwenye gari. Kisha Ketill akarudi jikoni, akakaa upande wa dirisha, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akaandika:

"Bergsveinn wa Hrafnsholt alikuwa mkulima na mkaguzi wa nyasi. Aliishi na mdogo wake Ketill, ndiye mimi. Leo upepo wa kusini, theluji inayeyuka. Kondoo wote wamekula. Bergsveinn hayupo."

"Umemaliza, mzee?" Oddný aliita kutoka mlangoni.

Ketill alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja chenye kovu mpaka ikashika, akampa.