Ukuta Uliokandikwa Upya

Miaka ile ruksa ya biashara huria ilipoleta Manyoni mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, alifika kutoka Dodoma Fabiano, mtafiti wa mambo ya ujenzi. Alitaka kujua bati moja la namna ile, likiwekwa juu ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, litaingiza mwanga kiasi gani, na kuta za ndani zitaurudisha kiasi gani.

Mwezi Juni alipima kuta za nyumba sita. Kwa akina Lea, binti aliyeishi na mama yake, alikaa siku tatu, Lea akimshikia kipimo cha mwanga chenye mshale.

"Usitikisike, dada Lea. Hata pumzi punguza."

"Nikizimia utamwambia nini mama?"

"Nitamwambia kipimo hakikuanguka."

Halafu akaunda tembe dogo la boksi, akalipaka masizi ndani, aone kama hesabu zake zitalingana na nyumba yenyewe. Siku ya kuaga akasema, "Oktoba narudi kufunga bati. Ukuta wenu ndio mweusi kuliko zote. Bila huo hesabu yangu haisimami."

Lea aliyapokea maneno hayo kama msichana mwingine anavyopokea kanga ya mchumba. Tangu siku hiyo, kila basi la Dodoma lilipopiga honi, ungo ulimsimama mkononi.

Barua ilipofika kwamba anakuja, akafanya lifanywalo kwao mgeni akitarajiwa. Alichimba udongo mweupe bondeni, akaukandika ukuta wote, akausugua kwa jiwe hadi ukang'aa.

Fabiano aliingia na bati lake kichwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akaweka kipimo. Mshale ukaruka. Akatazama daftari, kisha ukuta.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Nilijua unakuja."

Fabiano alifunga daftari. "Umependeza," akasema taratibu. "Ila sio ukuta niliopima. Itabidi bati nikalifunge kwa Klara, ng'ambo ya reli; kuta zake nilizipima, na bado nyeusi."

"Masizi yatarudi baada ya muda gani?"

"Kama yale? Miaka kumi, kumi na tano."

"Basi kunywa chai kwanza."

"Jua litanikimbia, dada Lea." Akajitwisha bati lake, akatoka.

Alasiri ile Lea alijaza mafigani kuni mbichi. Mama yake akatoka mbio, akikohoa.

"We mtoto! Sisi nyuki, unatufukiza tukuachie asali?"

Lea aliusogelea ukuta kwenye moshi, akapitisha kidole, akakileta mlangoni kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe kwa udongo. Akarudi kuchochea.