Barabara ya Pinga Ingali Tupu

...na barafu inayeyuka, hilo tu Thacienne analiruhusu lipite kichwani, barafu inayeyuka ndani ya sanduku la chanjo, saa nne imepita, na Sylvain, muuguzi aliyebaki, anafunga mpira wa kulishika sanduku juu ya pikipiki kwa mara ya tatu, polepole mno, kama mtu asiyetaka kumaliza, “Mama Titulaire, niende sasa?” na yeye, titulaire, yaani mkuu wa kituo hiki cha afya, mkono juu ya kifuniko, anaitazama barabara ya Pinga, tupu, tupu tangu jana muuguzi mwingine, Murekatete, alipopita pale na sanduku kama hili mgongoni, alikuwa arudi jana ileile kabla ya mvua, hakurudi, simu yake haina rezo, haipatikani, labda ni matope, labda pikipiki imekufa, ndiyo, pikipiki hufa... lakini alisema, Murekatete alisema, amesimama papa hapa, “Mama, niko naogopa, watu wanasema kule kwa kilima walipiga masasi,” risasi, na Thacienne akamjibu, “Batoto mia mbili wanakungojea, huku tuko kwa kazi,” na aliyaona, Mungu wangu, aliyaona maziwa yamelowesha blauzi ya Murekatete, mama anayenyonyesha, akayaona na akaangalia saa... lakini angefanyaje, angefanya kama Papa Ndayambaje, mkuu aliyemtangulia, mtu wa watu, kila kilio alikuwepo, kila mtoto alimjua kwa jina, na friji ikazimika siku tatu kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumkaripia mlinzi aliyesahau kuitia mafuta, chanjo zikaharibika, kisha surua ikaingia, makaburi kumi na moja, mafupi, aliyahesabu mwenyewe, Thacienne, akaapa kwamba mikononi mwake kazi haitalala, na haikulala, miaka minne haikulala, dozi za kila kijiji anazijua bila kufungua daftari, lakini nyumba ya Murekatete... iko wapi nyumba ya Murekatete, ikibidi kwenda kusema kwamba hakurudi, atapiga hodi mlango gani, atamwambia nani, mume yupo, hayupo, miaka minne na hajui hata hilo, “Mama?” anasema Sylvain, “jua iko napanda,” na Thacienne anasikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyembamba, “Kwa Murekatete ni wapi?” Sylvain anaacha mpira, “Nyuma ya kanisa, kwa mama yake, bwana yake alienda Rubaya kuchimba, hajarudia,” “Na mutoto, nani iko anamunyonyesha?” na Sylvain anainamisha kichwa, “Hakuna, Mama, asubui nilipita pale, alikuwa analia, bibi yake anamupatia chai,” chai, mtoto wa miezi mitano, chai, na huko ng'ambo ya mto, kwa barabara hiyohiyo, wapo watoto mia moja wengine waliopangwa leo, nao wana mama zao, wamekaa foleni tangu alfajiri, asipokwenda mtu surua haitangoja, akienda... anamtazama Sylvain, jasho juu ya mdomo, vidole vinatetemeka, ndiyo maana mpira haufungiki, alidhani ni uvivu, “Sylvain, uko unaogopa?” “Tangu jana, Mama,” na kifuniko ni baridi chini ya kiganja chake, na barabara ingali tupu, na Sylvain anauliza tena, kwa adabu ileile, “Sasa niende ao nibakie?” na Thacienne anafungua kinywa kutoa amri, anatafuta amri, haipo, “Sijui,” anasema, “mimi pia niko naogopa, kaka, kaa hapa kwanza tuongee.”