Sentimita Mbili za Shemeji

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, bomba lilikuwa fupi kwa sentimita mbili. Milimita alilipima tena, akapata zilezile. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya ufundi hakuwahi kukata chuma kabla ya kukipima mara tatu. Jana jioni alipima mara tatu. Na chuma hakinywei usiku.

Gari lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Turbo zake mbili ndogo, zile feni za kusukumia hewa injini, zilikuwa zimetolewa, ikafungwa moja kubwa upande wa kulia wa injini. Ilibaki kuichongea hewa yake njia: itoke kwenye turbo ikiwa moto, ipite kando ya betri, ishuke hadi kwenye kipoza hewa nyuma ya bampa, kisha irudi injini ikiwa imepoa. Saa sita kamili mkaguzi wa mashindano angefunga orodha. Shemeji alikuwa ameyangoja mashindano hayo mwaka mzima, na aliyemwahidi kwamba gari litawahi ni Milimita mwenyewe.

Akachomelea kipande cha sentimita mbili, akaenda kunawa mikono na kunywa chai iliyokwisha kupoa. Aliporudi, bomba lilikuwa fupi tena, safari hii kwa sentimita moja na nusu.

Shemeji alikuwa ameegemea mlango wa gereji, ametulia kama maji ya mtungi. Aliuliza, kwa upole wa kuudhi, kama macho hayajaanza kumchezea fundi. Umri nao una mambo yake. Milimita akageukia vipimo vyake. Aliilinganisha tepu na rula ya chuma: tepu ilikuwa sawa. Akalipima bomba: lilikuwa na urefu uleule alioandika jana kwa chaki kwenye boneti, pamoja na zile sentimita mbili za leo. Kilichobaki ni kitu kimoja ambacho hakuwahi kufikiria kukipima tena, maana hakikuwa na miguu.

Akapiga magoti mbele ya gari, lililokuwa bado halijafungwa bampa. Kwenye vishikio vya kipoza hewa, chini ya kila nati, rangi ilikuwa imekwaruzwa upya. Kipoza kilikuwa kimepanda na kusogea mbele.

"Shemeji," alisema bila kuinua kichwa, "nani amegusa nati hizi?"

"Nimekipandisha na kukisogeza mbele kidogo tu, shemeji yangu. Kule chini kilikuwa hakionekani. Mtu atajuaje nina kipoza kikubwa hivi?"

"Atajua ukimpita."

"Na kabla sijampita?"

Milimita alivuta pumzi, akahesabu hadi kumi. Kisha akaeleza polepole, kama anayemsomea mtoto, kwamba bomba la kuongezea halikuwapo tena na duka limefungwa hadi Jumatatu. Kipoza kikirudi mahali pake, atakata kile kipande alichoongeza na kila kitu kitakaa. Kikibaki kilipo, gari nalo litabaki gereji.

Shemeji akampigia mkewe simu, akiamini dada mtu hatashindwa kumwamuru mdogo wake. Dada alisikiliza, akauliza kama gari linakwenda kushindana au kupigwa picha, akakata. Shemeji akairudisha simu mfukoni, akalalamikia mtandao.

Saa nne na robo kipoza kilirudi mahali pake. Milimita alikaza nati zote, kisha akawasha mashine na kuzichomelea.

"Sasa siku ya kukitoa?" shemeji aliuliza.

"Utaniita."

Saa tano na dakika tano mabomba yalijazwa hewa ya kujaribia. Milimita aliikodolea macho sindano ya geji dakika kumi nzima. Haikushuka hata unywele. Bampa ikafungwa. Shemeji alizunguka mbele ya gari, akachuchumaa, akainamisha kichwa huku na huku akitafuta pa kuchungulia, akainuka, akaingia garini na kuondoka bila kuaga.

Saa tano na dakika hamsini na mbili, mkaguzi aliandika namba ya gari hilo kwenye orodha.