Mlinzi Kazini

Mwalimu wetu wa kuchora pale makumbusho alikuwa na ugonjwa mmoja: hataki kuona raba. Siku ya kwanza tu alipita meza hadi meza na kikapu, akazizoa zote, hata zile ndogo za nyuma ya penseli akazing'oa moja moja kwa koleo. "Mkikosea, kosa libaki," akasema. "Na mchore mnachokiona, si mnachokijua." Tukampa jina la Bila Raba. Mwenyewe alilisikia akacheka.

Mafunzo yalikuwa ya Jumamosi, kwa wanafunzi wa sekondari, kwenye chumba cha nyuma karibu na stoo ya vinyago. Ukiingia unapokewa na harufu ya dawa ya mchwa. Tulianza na vitu vya makabatini: vigoda, mitungi, ngoma iliyotoboka. Mimi nilipelekwa na mwalimu wangu wa shule, kwa miguu. Wenzangu wengi walishushwa na magari ya wazazi wao. Wala siyalaumu magari, yaliyonikuta niliyataka mwenyewe.

Ila wale watoto kwa maswali, jamani! Aliyeanza ni binti wa daktari, tuliyekaa naye meza moja. Penseli zake zilikuwa kwenye kopo la bati, ngumu huku, laini huku, na alikuwa ananiazima bila kinyongo. Siku hiyo akaniuliza, "Baba yako anafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Yuko kwenye mambo ya usalama." Loo! Macho yakamtoka pima. Jumamosi iliyofuata meza nzima inaamini baba yangu ni ofisa wa siri, na mimi nimeinamia karatasi, najitia nimeshughulika na kivuli cha mtungi.

Baba yangu ni mlinzi wa usiku. Analinda bohari la vigae na masinki. Ana rungu, tochi, filimbi, na kofia inayomzidi kichwa. Usalama ni usalama, nikajiambia, sijadanganya mtu. Kwa kujidanganya mwenyewe mimi sina mpinzani.

Kisha Bila Raba akatupa kazi ya maonyesho: kila mmoja achore mtu akiwa kazini. Picha itakayoshinda itakuzwa, iwe kubwa kama mlango, itundikwe ukumbi wa mbele. Nikaitaka ile nafasi mpaka nikakosa hamu ya chakula. Nyumbani nikishika penseli naambiwa nimalize vyombo kwanza. Hapa napewa ukuta mzima!

Asubuhi za shule huwa nampitishia baba chai kabla hajapokewa zamu. Asubuhi moja nikamkuta amelala kwenye kiti chake cha plastiki, mbele ya geti la bohari. Kidevu kifuani, kofia imeteremka hadi puani, tochi ameikumbatia, rungu liko chini, na kiatu kimoja kimefungwa kwa waya badala ya kamba. Mama alikuwa anaumwa siku zile, na mchana baba ndiye aliyekuwa anamhangaikia hospitali. Mtu asiyelala mchana atalala lini? Binti mwenye adabu angemwamsha. Mimi nikaiweka chupa ya chai chini polepole, nikatoa karatasi, nikachora.

Nilichora nilichokiona. Mikunjo ya suruali, waya wa kiatu, na begani nembo ya kampuni, jogoo ndani ya ngao, pamoja na jina lote la kampuni herufi kwa herufi. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilipomaliza nikakohoa. Baba akaruka, akapapasa rungu, akaniona, akacheka cheko la aibu.

"Nilifumba macho kidogo tu, mama," akasema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Usije ukamwambia mtu. Mwenzetu wa lindo la benki alipigwa picha kwa simu akisinzia. Siku ile ile wakamvua sare."

"Nimwambie nani mimi, baba?" nikasema, na karatasi iko kwenye begi.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu anitetee kwamba nilikuwa mtoto, sijui hili wala lile. Nilijua, ila nilishaiona ile picha ukutani, na jambo ukishalitaka hivyo unalitafutia sababu. Uso hauonekani, nikajiambia. Na wakubwa wa walinzi na makumbusho, wapi na wapi?

Bila Raba aliishika picha yangu akaisogeza dirishani. "Inaitwaje?" akauliza. Nikaona wenzangu wamenikodolea macho, wanasubiri, nami nikataka wacheke. "Mlinzi Kazini," nikasema. Walicheka! Binti wa daktari alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi kichwa kikavimba. Baba ameteseka usiku kucha, ameiba usingizi kidogo, na binti yake anauchekeshea watu. Leo nikikumbuka kile kicheko natamani kujizaba kofi.

Picha yangu ndiyo iliyoshinda. Baba aliposikia hakukaa chini. Aliwatangazia majirani, akamwambia muuza duka, akamwambia hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Akaomba ruhusa kazini, akaazima koti la mjomba, akalipiga pasi mwenyewe. "Umechora nini?" akawa ananiuliza. Mimi, "Utaona, baba." Anacheka, anatikisa kichwa. Mama alikuwa bado hana nguvu ya kutoka, akasema aende yeye kwa niaba ya wote.

Alasiri ya maonyesho niliingia ukumbini. Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango. Jogoo wa begani alikuwa mpana kama sinia, na jina la kampuni unalisoma ukiwa bado kwenye ngazi za nje. Chini yake walisimama walinzi wawili wa makumbusho wakichekea puani. Na mabegani mwao, jogoo. Jogoo yule yule! Kila Jumamosi nilikuwa nampita mlinzi wa getini, namwamkia, ananiitikia, na nembo iko pale pale usawa wa macho yangu. Mchoraji gani mimi?

Nikamkimbilia Bila Raba. "Mwalimu, tuifute ile nembo. Tafadhali."

Akadhani namtania. "Kufuta? Tena wewe? Jogoo ndiye aliyeibeba picha yote! Mlinzi kalala, jogoo yuko macho!" Akanipiga bega.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: mwalimu, yule ni baba yangu, watamfukuza kazi. Ningeisema, angepanda ngazi yeye mwenyewe na karatasi na gundi, namjua. Lakini pembeni yake alisimama binti wa daktari na mama yake, mama amevaa vizuri, ananukia vizuri, ananitazama kwa tabasamu. "Haya, mwalimu," nikasema. Bila Raba akaitwa kupokea wageni, akaenda.

Ndipo nikamwona baba mlangoni. Koti la mjomba lilimpwaya mabegani. Alikuwa ameshaiona picha. Nilimwona akiisoma kuanzia chini: kiatu, suruali, mikono, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kama anavyofanya nikimwonyesha matokeo ya shule. Akafika begani. Akasimama hapo. Kisha akaanza kunitafuta kwa macho, na aliponipata akatabasamu, tabasamu dogo, la mtu aliyekwisha kusamehe kabla hajaombwa. Akaja.

Alikuwa ameshatufikia, yuko nyuma kidogo ya mama yake binti wa daktari, wakati yule mama aliponiambia, "Hongera sana, binti. Mkono wako umebarikiwa. Na huyu mzee wa pichani ni nani? Ni mtu wako wa karibu?"

Baba akaweka mkono kifuani. Alishafungua mdomo.

"Hapana," nikasema. "Simjui. Mtu tu nilimkuta njiani."

Mkono wa baba ukateremka. Ukaanza kutafuta kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Njia gani hiyo, binti?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa bwana mmoja mnene, suti ya kijivu, glasi ya juisi mkononi, na kwenye ukosi jogoo mdogo wa dhahabu. Sikuwa nimemwona. Naapa sikuwa nimemwona, alikuwa nyuma ya nguzo. "Mimi ndiye mkurugenzi wa hiyo kampuni," akasema. "Huyu ni mtu wangu. Amelala lindo gani?"

"Shikamoo, mzee. Sikumbuki."

"Marahaba. Hukumbuki? Umekumbuka mpaka waya wa kiatu, mahali ndipo hukumbuki?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akainua macho, akamwona baba. "Wewe si wa bohari la vigae wewe?"

Baba akabana visigino. "Ndiyo, bosi. Nimepewa ruhusa, nimekuja kutazama picha."

"Haya, unamjua huyu?"

Baba akajitazama pale ukutani, bila haraka. Na mimi nikatazama chini, Mungu wangu, nikaona amevaa vile vile viatu. Ana vingine vipi? Waya ulikuwa unang'aa, ameusugua. Akaurudisha mguu ule taratibu nyuma ya mwenzake.

"Simjui, bosi," akasema. "Kofia mlizotupa zinameza kichwa cha kila mtu. Hapo hata mimi naweza kuwemo."

Safari hii hata mkurugenzi alicheka, akatikisika tumbo. Akasema nembo ifunikwe upesi, kampuni yake si ya kuchekwa. Bila Raba akabandika karatasi nyeupe pale begani huku amenuna, na yule bwana akaenda kujiongezea juisi. Ikaishia hapo. Kazi ya baba ikasalimika.

Binti wa daktari hakucheka. Alikuwa ameona kiatu cha pichani, akaona kiatu cha sakafuni, akaniona mimi. Akamshika mama yake mkono, wakaenda kutazama picha nyingine. Kwa hiyo hata kile nilichokuwa nakilinda sikukilinda.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimwacha baba atangulie, nikafuata nyuma nikisubiri anigeukie. Anitukane, anipige, aniambie nimemvunjia heshima, chochote. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema nisamehe. Tulipovuka barabara kubwa akasimama chini ya taa ya duka, akanigeukia, na nikaona anacheka.

"Mama, wewe una akili!" akasema. "Ulimwona saa ngapi yule bosi? Mimi mjinga nilishafungua mdomo niseme ni mimi huyo, ni mimi! Ningejitia kitanzi mwenyewe, mbele ya watu." Akajipiga paja. "Nisikufiche, uliposema hunijui, hapa paliniuma. Nikasema hee, mwanangu huyu? Kumbe bosi yuko nyuma yako! Kumbe mtoto anamficha baba yake!"

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, tena.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Akanishika bega, tukatembea sambamba mpaka nyumbani, koti la mjomba linanigusa shavu. Alipoingia tu akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama, akaanza kusimulia. Aliigiza wote: mkurugenzi na tumbo lake, yule mama na manukato yake, mimi na uso mkavu, "Simjui! Mtu tu!" Mama alicheka mpaka akashika ubavu, na hajacheka hivyo tangu aanze kuumwa. Wadogo zangu wakataka baba arudie pale kwenye "simjui". Akarudia.

Mama akanivuta nikae karibu naye. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Mwanangu," akasema, "na umati wote ule, ulimwonaje?"

Baba akaacha kuigiza ili asikie.

"Nilimwona mapema," nikasema. "Alipoingia tu."

"Si niliwaambia!" baba akasema.