Abiria Haruhusiwi

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Bibi Nukta, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijaingia mashineni, iwe kitabu cha shule, fomu ya serikali au kadi ya harusi, na kuwinda makosa kwa kalamu nyekundu. Nukta ikikosekana, alijua. Ikizidi, alijua. Wenzake walitania kwamba hata chafya yake huisha kwa nukta. Alicheka nao, halafu saa kumi na moja jioni alichukua mkoba wake, akaingia kwenye gari lake dogo la kijivu na kurudi kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambavyo vyote vilikuwa vyake.

Jumanne moja aliomba ruhusa kazini ili apeleke gari kwenye ukaguzi wa mwaka. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa amelisafisha mpaka kwenye mifuko ya milango, na karatasi zake zote zilikuwa ndani ya faili, zimepangwa kwa tarehe.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Alipima breki, nzuri. Akaziwasha taa zote, nzuri. Akachuchumaa kwenye magurudumu, akaguna kwa kuridhika. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akaushika mkanda wa kiti cha abiria na kuuvuta. Haukuja. Akavuta taratibu, akavuta kwa ghafla, akavuta kwa mikono miwili mpaka gari likatikisika.

"Mama, mkanda huu umeganda."

"Umeganda vipi?"

"Umeganda tu, hautoki. Mara ya mwisho umetumika lini?"

Bibi Nukta alihesabu nyuma kimoyomoyo, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka aliukuta mkoba wake umekaa peke yake juu ya kiti kile.

"Lakini hapo hakai mtu," alisema hatimaye. "Naendesha peke yangu."

"Mimi nakagua gari, mama, sikukagui wewe. Kiti kipo, basi mkanda ufanye kazi."

Gari likaanguka ukaguzi kwa kosa hilo moja.

Mkaguzi alimwandikia kibali na kumweleza polepole, kama mtu aliyezoea kueleza watu wasiosikiliza. Gari lililoanguka halitakiwi barabarani, isipokuwa kwa safari mbili tu: kwenda gereji iliyoandikwa pale, na kurudi kituoni kukaguliwa upya. Siku kumi. Mchana tu. Njia ya moja kwa moja. Na ndani awemo dereva peke yake.

"Nikisimama kununua mkate?"

"Trafiki akikukuta atasoma kibali, aone jina la gereji, halafu auangalie mkate. Utamwambia nini?"

Bibi Nukta alikisoma kibali mara mbili. Mstari wa nne, kwa herufi kubwa, walikuwa wameandika: ABIRA HARUHUSIWI. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kalamu.

"Usiguse!" Mkaguzi akacheka. "Kikiandikwa chochote hakifai tena."

Bibi Nukta akaikunja ile karatasi ikiwa na kosa lake ndani, na jambo hilo lilimkera njia nzima.

Mvua ilianza alipoingia barabara kuu. Aliendesha kwa uangalifu kupita kawaida, mikono yote miwili kwenye usukani, kibali kimelala mbele ya kioo. Gereji ilikuwa karibu sana, kona mbili tu. Na pale kwenye kituo cha basi mbele ya hospitali ya macho, chini ya paa lililovuja, alimwona wifi yake.

Miaka sita hawakuwa wamesemeshana. Zamani, kaka yake alipokuwa hai, Jumapili walitoka watatu: yeye kwenye usukani, wifi yake kando yake akipiga soga, na kaka mtu kiti cha nyuma, amelala kinywa wazi kabla hawajafika hata mzunguko wa kwanza. Kisha kaka akafariki. Siku ya msiba wifi yake alikuja na wasifu wa marehemu, kurasa mbili alizoandika kwa mkono wake usiku kucha. Alimpa Bibi Nukta aupitie kabla haujasomwa. Naye, mbele ya waombolezaji waliojaa sebuleni, akatoa kalamu nyekundu. Hakukusudia ubaya. Alikuwa hajui namna nyingine ya kuishika karatasi. Mjane aliitazama ile kalamu ikitembea juu ya maneno yake, akainuka, akaingia chumbani, na wasifu ule haukusomwa kamwe.

Sasa wifi yake alikuwa amesimama na mfuko wa nailoni mkononi, jicho moja limefunikwa kwa pamba. Jicho la pili lililitambua gari. Akainua mkono. Hakupunga kama mtu anayesimamisha gari. Aliuinua nusu, kama mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa.

Mguu wa Bibi Nukta ukaachia mafuta. Gari likapunguza mwendo. Macho yake yakaenda kwenye karatasi mbele ya kioo, yakarudi kwenye ule mkono, na kabla hajaamua lolote alikuwa ameshapita. Kwenye kioo cha pembeni aliuona mkono ukishuka.

Alifika gereji. Fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akilihudumia gari hilo siku zote, alitoka akifuta mikono kwa kitambaa.

"Mkanda wa mbele," Bibi Nukta akasema, akakinyakua kibali, akamtupia funguo. "Nitakuja baadaye."

"Ingia kwanza mvua ipungue!"

Alikuwa ameshatoka. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, hana mwavuli, anakimbia pembezoni mwa barabara huku viatu vya kazini vikimeza maji. Alikuwa na hakika kwamba basi limeshapita. Halikuwa limepita.

"Wifi," aliita, pumzi zikimwishia.

Wifi yake alimgeukia polepole. "Si umenipita?"

"Sikuruhusiwa kubeba mtu. Gari limeanguka ukaguzi." Akakitoa kibali, kimelowa. "Soma. Mstari wa nne."

Wifi yake hakukipokea. "Hata kufungua kioo uniambie?"

Bibi Nukta akakikunja kibali tena.

"Wewe siku zote una karatasi, wifi," yule mama akasema, bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikouma.

Walisimama bega kwa bega wakitazama maji yakibubujika kwenye mfereji. Kisha Bibi Nukta akasema, "Ule wasifu wa kaka. Niliyoyafanya siku ile hayakuwa ya kufanywa. Na makosa yenyewe yalikuwa mawili matatu tu."

"Yalikuwa saba. Ninao bado. Nimeyahesabu." Wifi yake akavuta shela yake vizuri. "Umenifundisha kuandika 'marehemu' vizuri. Tangu siku ile sijakosea."

Bibi Nukta hakujua acheke au alie, kwa hiyo akasema, "Nisamehe."

"Nimechoka kukukasirikia, basi. Sijui kama huko ndiko kusamehe."

Ndipo wifi yake alipomweleza. Jicho limetolewa mtoto wa jicho, la pili litafuata. Hawezi tena kukaa peke yake. Binti yake anamchukua akaishi naye, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Nyumba ameshairudisha kwa mwenyewe.

"Unaondoka lini?"

"Kesho asubuhi, basi la saa moja."

"Gari lingekuwa tayari ningekupeleka stendi—" Akajikatiza mwenyewe. Halingekuwa tayari kesho. Hata lingekuwa tayari, lisingeruhusiwa.

Basi likaja. Wifi yake akapanda, akashika chuma cha mlangoni, akasema tu, "Lowa kidogo, utakua," na lile ndilo lilikuwa neno la utani la marehemu. Bibi Nukta alibaki akicheka peke yake kituoni, uso wote maji.

Kesho yake asubuhi Bibi Nukta alifika stendi kwa miguu saa kumi na mbili na nusu. Alimbebea begi, akamtafutia kiti cha dirishani upande usio na jua, akamwandikia namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa kama za watoto ili aweze kuziona. Basi lilipotoka alipunga mpaka akakumbuka kwamba jicho lile moja halifiki mbali.

Ijumaa gari lilikuwa tayari. Alilirudisha kituoni kwa njia ile ile, akasimamishwa na trafiki, akaonyesha kibali, akaruhusiwa. Mkaguzi aliuvuta mkanda, ukatoka kama ulimi, akagonga muhuri. "Haya mama, sasa nenda popote, na yeyote umtakaye."

Bibi Nukta aliegesha nje ya geti, akazima gari, akampigia wifi yake.

"Limepita," alisema.

"Hongera, wifi! Ngoja, mtoto kamwaga maziwa, usikate."

Hakukata. Simu iliwekwa mezani upande wa pili, na ndani yake akaisikia nyumba nzima: kiti kikiburutwa, mtu akimkemea mtoto huku akicheka, bomba likifunguliwa, redio, mlango, sauti ya mwanamume akiuliza soksi zake ziko wapi. Alisikiliza dakika sita. Walikuwa wamemsahau, na hakuwalaumu. Salio lilipokwisha alikaa kidogo na simu sikioni, kisha akaiweka kwenye mkoba, akatazama kama barabara iko wazi, akaenda kazini.